Kesi ya Mwenyekiti

Tangawizi ikichemka kwenye sufuria kubwa, hasira zangu huamka. Sisemi ile ya kikombe kimoja cha mtu mwenye mafua, hiyo naipenda kama wengine. Nasema ile ya watu wengi, iliyotwangwa pamoja na iliki na pilipili manga, ambayo harufu yake inapanda ngazi na kuingia hadi kwenye makoti yaliyotundikwa mlangoni. Juzi nilikuwa nimeibandika kwa ajili ya wageni wa kanisani, simu ikaita. Alikuwa binti wa Mwenyekiti. Baba yake alikuwa amefariki asubuhi ile hospitalini, na kwa kuwa mimi ndiye katibu wa Jumuiya siku hizi, aliomba niwatangazie watu. Nikampa pole, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kisha nikaiweka simu kwenye kaunta, nikaanza kuchuja chai taratibu, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani.

Sitadanganya, nilifurahia. Si kile kifo, maana mzee aliumwa muda mrefu na hata adui humwombei maumivu yale. Nilifurahia kwamba kwa muda ule mfupi msiba wa Mwenyekiti ulikuwa mkononi mwangu, na nje ya familia yake hakuna aliyeujua ila mimi. Nilikuwa nimeusubiri muda ule tangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi.

Wenzangu mliolelewa huku miaka ile mnayajua maisha yenyewe. Mnakumbuka kadi za simu za kukwangua, mnakumbuka kusemeshwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza mpaka mama anakata tamaa. Sisi tulikaa Frogtown, mtaa wa Saint Paul huku Minnesota, ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, karibu kabisa na University Avenue. Baba aliendesha lori la masafa marefu, kwa hiyo nyumbani mara nyingi tulikuwa watatu: mama, kaka yangu Eli, na mimi. Mama alifanya kazi ya kuhudumia wazee na alikuwa na mdomo mwepesi. Akiona jambo la kuchekesha, lilikuwa limeshamtoka kabla hajajiuliza yuko mbele ya nani.

Mwenyekiti yeye alikuwa mtu wa aina nyingine. Alikuja Minnesota kusoma, akabaki, akapata kazi ya uhandisi kwenye ofisi za kitongoji cha Eden Prairie, na Jumamosi alivaa tai kama vile ofisi imemfuata. Aliiongoza Jumuiya ya Watanzania tangu kabla sijazaliwa. Watu wote walimwita Mwenyekiti, hata mkewe, na mimi jina lake la ubatizo nililijua nikiwa mtu mzima. Alikuwa na kazi mbili ambazo hakumwachia mtu. Ya kwanza ilikuwa kufundisha darasa la uraia, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Ya pili ilikuwa kutangaza misiba.

Hiyo ya pili niieleze, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kwa nini nina kinyongo. Kwetu mfiwa hapigi simu kuita watu waje kumlilia. Mfiwa anakaa chini, wengine wanahangaika. Nyumbani kilio chenyewe kinasikika kwa jirani na jirani anapeleka habari, lakini huku, nani atakusikia kupitia madirisha mawili ya kioo wakati wa theluji? Kwa hiyo utaratibu ulikuwa mmoja: unampigia Mwenyekiti, unamwambia nani amefariki, unakata simu. Yeye ndiye anawapigia watu wa Minneapolis, wa Saint Paul, wa vitongojini, na kabla hujamaliza kufagia sebule wanawake wameshaingia na masufuria yao. Hakuna aliyewahi kujiuliza ingekuwaje kama Mwenyekiti asingepiga.

Darasani kwake nilikuwa nakwenda kwa sababu hakukuwa na wa kuniachia. Ukumbi ule ulinuka kahawa iliyolala na viatu vyenye theluji iliyoyeyuka. Nilikaa mwisho na kalamu zangu za rangi, mama akakaa mbele na wenzake, wote watu wazima, wote wakirudia kwa sauti kama watoto wa chekechea. Mwenyekiti alichora nguzo tatu ubaoni. Bunge linatunga sheria, Rais anazitekeleza, Mahakama inazitafsiri. Akachora mishale kutoka nguzo moja hadi nyingine, akasema kila mhimili unamwangalia mwenzake, na yeyote akivuka mpaka, wengine wanamrudisha. Halafu akagonga ubao kwa kila neno: hakuna, mtu, aliye, juu, ya sheria.

Niliyaamini yale kuliko nilivyoamini habari za Santa. Niliamua hata nyumba yetu ina mihimili mitatu. Mama ni Rais, Eli ni Bunge kwa sababu ya ubishi wake, na mimi nikajiteua Mahakama ya Juu, hasa baada ya kusikia kwamba majaji wake hawafukuzwi kazi. Ile mishale nayo niliielewa kwa namna yangu. Kulikuwa na kidude ukutani kwetu kilichoongoza hita: nyumba ikipoa, chenyewe kinajua, hita inaunguruma chini, joto linapanda, na hakuna mtu aliyenyanyuka kwenye kochi. Nilidhani Katiba inafanya kazi hivyohivyo. Mtu mkubwa akikosea, mahali fulani kitu kinaunguruma, majaji wanavaa majoho, wanakuja.

Basi Jumamosi moja Mwenyekiti akauliza swali la siku zote, Rais wa Marekani anaweza kuchaguliwa mara ngapi. Darasa likajibu kwa pamoja, mara mbili.

"Na Mwenyekiti je?" akauliza mama.

Ukumbi mzima ulicheka. Walicheka kwa sababu katiba ya Jumuiya nayo ilisema vipindi viwili, na hakuna aliyekumbuka vizuri uchaguzi wa mwisho ulikuwa lini. Mwenyekiti naye alicheka. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akasema ni swali zuri, Mama Eli, tutalijibu siku nyingine. Mimi kule nyuma nilijivunia mama yangu na nikaendelea kupaka rangi.

Siku hiyo nyingine haikufika. Kilichofika ni mambo madogomadogo. Sherehe ikija, mama hapangiwi kupika chochote. Harusi inafanyika, tunasikia imeshapita. Mama alisema watu wana shughuli, Marekani ni Marekani. Hakuunganisha mambo hayo na lile swali, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameshalisahau.

Katikati ya baridi kali, bibi yangu mzaa mama akafariki kwao Machame, Kilimanjaro. Mjomba alipiga asubuhi, tukiwa tunavaa mabuti ya kwenda shule. Mama alikaa chini palepale kwenye zulia la mlangoni, juu ya viatu, na kelele aliyotoa sijaisikia tena. Kisha alinyamaza, akajifuta uso kwa kanga, akampigia Mwenyekiti. Nilikuwa nimesimama pembeni yake, nikasikia kila neno. Alisema, "Mwenyekiti, mama yangu ametutoka." Na sauti ya upande wa pili, nzito na ya upole, ikasema pole sana Mama Eli, nitawajulisha watu.

Kwenda kuzika hakuweza. Tarehe ya usaili wake wa uraia ilikuwa imeshapangwa, na aliogopa kwamba akiikosa itabidi aanze upya, na safari hiyo ya uraia ndiyo iliyokuwa imetuweka sote roho juu. Kwa hiyo angemlilia mama yake hapa, Frogtown, pamoja na watu. Yale ndiyo mazishi pekee ambayo angeyapata. Baba alikuwa mbali na lori lake, akalia kwenye simu akiwa ameegesha mahali. Mimi na Eli tukasukuma kochi ukutani. Tukaenda kwa mama jirani, Mhmong, mhamiaji kutoka Laos, aliyekaa nyumba ya kushoto, akatuazima viti vya kukunja vya kwenye gereji yake. Mama akakaanga maandazi huku machozi yanamdondoka, akabandika chai kwenye sufuria yetu kubwa kabisa, tangawizi ikajaa nyumba nzima. Niliambiwa nikae dirishani niseme magari yakija.

Magari yalipita. Kila lililopunguza mwendo nilisema hao, na kila lililopunguza mwendo lilikuwa linaogopa barafu ya kwenye kona. Mama alirudia kupasha chai. Mchana ukaisha, aliyegonga akawa mama jirani, amekuja na bakuli la wali na kuku wa kuchemsha. Yeye na mama hawakuwa na lugha ya pamoja ila salamu. Aliketi kwenye kimojawapo cha viti vyake mwenyewe, katikati ya vile vingine vitupu, akaweka mikono yake mapajani, akakaa mpaka giza likaingia. Kesho yake hakuja mtu mwingine, wala siku iliyofuata. Mama alimwaga chai kwenye sinki, akafunga kilemba, akarudi kazini.

Hakumuuliza mtu. Kwake maana yake ilikuwa wazi: wote wameambiwa, na wote wamekaa wakaona mama yake hastahili hata kikombe cha chai. Tangu hapo kanisani alikaa kiti cha mwisho na kutoka kabla ya wimbo wa kufunga. Nao watu, nilikuja kujua baadaye, walisema Mama Eli siku hizi anajiona.

Mimi nilikuwa nasubiri majaji. Msicheke. Nilikuwa na uhakika kabisa. Nilikwenda hata kuweka mkono kwenye kile kidude cha ukutani, nikimwazia Mwenyekiti na wale wote ambao hawakuja, na nilipanga adhabu zao kitandani. Wengine nilikuwa tayari kuwasamehe baada ya kifungo. Mwenyekiti sikumsamehe hata kwenye mawazo.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, Mama Mchungaji alinikuta kwenye korido baada ya shule ya Jumapili. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanishika kidevu, akaniuliza bibi wa Machame hajambo. Akasema mama akimpigia simu amsalimie sana, kwani bibi aliwahi kumpikia yeye mtori wa ndizi usiosahaulika. Nilimtazama mwanamke yule, mwenye uso ambao haujui kuigiza, nikaelewa kwamba hajui. Na kama mke wa mchungaji hajui, hakuna anayejua.

Nilimwambia mama ndani ya gari. Mikono yake ilikaa kwenye usukani na gari halikuwashwa. Akasema hatakwenda kuomba watu machozi, na mimi ninyamaze. Lakini kulikuwa na jambo nililolazimika kulijua.

"Mahakama ya Juu itamhukumu lini Mwenyekiti?"

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu bibi afariki, kicheko kidogo chenye kamasi. "Mahakama haimfuati mtu nyumbani kwake, mwanangu," akasema. "Inakaa palepale ilipo. Mpaka mtu apeleke kesi."

Pengine alijifunza hilo kwenye kadi zake za maswali, pengine ni akili yake tu. Miezi yote ile nilikuwa nasubiri hita iwake, kumbe kuna mtu alitakiwa kunyanyuka kwenye kochi.

Mama alifaulu usaili. Akaapa na wenzake wengi, akapewa bendera ndogo, na kiangazi Jumuiya ikaandaa nyama choma kando ya ziwa kuwapongeza raia wapya. Hakutaka kwenda. Baba, ambaye safari hii alikuwepo, alisema utaonekana umesusa, na yeye hakuwa anajua nilichokuwa nakijua. Tukaenda. Kulikuwa na moshi wa mkaa, pilau kwenye mabeseni ya bati, watu kibao kwenye viti vya kambi. Na kulikuwa na Mwenyekiti, kofia ya bendera kichwani, kipaza sauti mkononi, akiita watoto mbele kuwauliza maswali ya serikali ili wazazi wapige makofi.

Nilinyoosha mkono nusura bega litoke. Alisita kidogo alipoona ni mimi, lakini watu walikuwa wanamtazama. Akaniuliza nitaje haki moja iliyomo kwenye Marekebisho ya Kwanza ya Katiba. Nikasema, freedom of speech. Makofi. Hapo angeniacha nikakae yangekuwa mengine, ila yule mzee alipenda kutuonea sisi watoto wa huku kwa Kiswahili chetu kibovu, watu wacheke kidogo. Akainama, akaniletea kipaza sauti mdomoni.

"Na kwa Kiswahili, mama, maana yake nini?"

Nilikuwa nimefanya mazoezi bafuni tangu masika, bomba likiwa wazi Eli asisikie. Nikakishika kile kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Maana yake naweza kusema bibi yangu alikufa wakati wa theluji," nikasema. "Mama akakupigia simu wewe. Nilikuwepo. Ukasema utawajulisha watu, na hukumjulisha mtu. Mama alipika chai ya watu wote hawa, akaimwaga."

Sauti yangu ilikwenda mpaka majini ikarudi. Mwenyekiti akanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti, nami nikakikumbatia kifuani na kumwambia hawezi, kwamba alisema mwenyewe darasani hata Rais hawezi kumnyamazisha mtu nchi hii. Na mkono wake ukasimama hewani.

Leo mimi ni wakili, na naweza kuwaambia kwamba angeweza kabisa. Marekebisho ya Kwanza yanaizuia serikali. Hayamzuii mwenyekiti wa Jumuiya kumnyang'anya mtoto kipaza sauti kwenye nyama choma. Lakini hakujua. Miaka yote aliyofundisha alikuwa ameyaelewa vibaya kama nilivyoyaelewa mimi, na alisimama pale, mhandisi wa Eden Prairie na kofia yake, amefungwa mikono na sheria isiyokuwepo. Nilipoisoma kesi ya kwanza ya jambo hilo chuoni nilicheka maktaba nzima ikanigeukia.

Aliyenyanyuka ni Mama Mchungaji. Hakupaza sauti.

"Mwenyekiti, ulipigiwa simu?"

Alirekebisha kofia. Akasema siku zile mambo yalikuwa mengi kazini, labda ilimponyoka.

"Msiba?" akasema Mama Mchungaji. "Msiba ukuponyoke?"

Yeye akageuka, akamwendea mama, akapiga magoti kwenye nyasi mbele ya kiti chake, na kilio kikaanza upya pale ziwani kwa ajili ya mwanamke aliyezikwa wakati wa baridi. Wanawake waliacha sahani. Mmoja alitandua kanga mezani, vyombo juu yake vikaanguka, akamfunika nayo mama mabega. Kabla nyama haijaiva magari yalikuwa yanafuatana kurudi Frogtown, na mtaa wetu ulijaa mpaka kona ile ya barafu, ambayo sasa ilikuwa na maua. Mama jirani alifungua gereji bila kuombwa. Chai ilipikwa, na safari hii ilikwisha.

Mama aliniita chumbani, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu. Akaniuliza nani alinituma. Nikasema hakuna. Akaniambia nikaoshe vikombe, watu wanasubiri. Lakini alikuwa analia kwa sauti, mbele za watu, kama inavyotakiwa, na aliendelea kulia mpaka uso wake ukarudi kuwa wa mama ninayemjua.

Mwenyekiti hakuja. Alibaki ziwani na majiko ya mkaa na wanaume wachache. Majira ya majani kuanguka Jumuiya ilifanya uchaguzi, naye hakupata hata kura za watu wa meza yake. Mwaka baada ya mwaka tulikutana harusini, ananisalimia kwa jina, namwamkia kwa adabu, na hakuwahi kusema samahani kwangu wala kwa mama. Wachungaji wamenihubiria kuhusu kusamehe. Nawasikiliza vizuri. Sijamsamehe.

Haya yote yalipita kichwani juzi nikichuja chai. Nilifikiria jinsi ambavyo ingekuwa rahisi. Kazi zilikuwa nyingi, wageni mlangoni, ingeniponyoka. Kisha nikachukua simu na kutangaza. Nilituma kwenye kundi la Jumuiya, la kanisa, la waliosoma pamoja naye, la Wakenya wa Brooklyn Park ambao wengi hawakumjua. Waliokuwa hawasomi ujumbe niliwapigia mmoja mmoja. Nilimwambia kila mtu apeleke chai, na asikose.

Jioni nilimchukua mama, ambaye magoti yanamsumbua, tukaenda Eden Prairie. Magari yalijaa barabara mpaka majirani Wazungu walitoka barazani kushangaa. Ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Mama akaenda kuketi chini na wenzake, mimi nikapata kiti mbele kabisa, mkabala na picha kubwa ya Mwenyekiti akiwa na tai, iliyowekwa mezani kati ya mishumaa. Mjane alikuja na birika mwenyewe, amechoka, macho yamevimba. Akanimiminia, harufu ya tangawizi ikanipanda usoni.

"Sikutegemea umati huu," akasema. "Mwenyekiti alikuwa hana watu siku hizi. Ni nani aliyewaambia wote?"

Niliitazama ile picha machoni.

"Ni mimi," nikasema, kwa sauti ya kutosha chumba kizima. Nikanywa chai yote mpaka masalia, nikamsogezea kikombe aniongezee.